Uwanja wa Michezo kama Darasa la Kumhudumia Mteja: Mwongozo kwa Wenye Biashara wa Kisumu, Kakamega na Nakuru

Mwenye uwanja wa michezo hana mamlaka juu ya matokeo ya mechi. Timu ya nyumbani inaweza kufungwa mabao matatu, mvua inaweza kunyesha tangu dakika ya kumi, na mshambuliaji aliyewavuta watu kutoka Siaya na Busia anaweza kukaa benchi mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, shabiki ambaye timu yake imefungwa anaweza kurudi wiki ijayo, na yule ambaye timu yake imeshinda anaweza kuapa kwamba hatakanyaga hapo tena kwa sababu alisukumwa getini, alikosa choo, au alimaliza mapumziko yote akingojea soda. Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwa mwenye uwanja, na ndiyo yaliyo mikononi mwa mwenye hoteli, duka la dawa, kliniki, saluni au duka la vifaa vya ujenzi: njia anayoipita mteja kabla ya kupata alichokifuata, na njia anayoipita baada ya kukipata.

Viwanja vya kujifunzia tunavyo. Kisumu ina Uwanja wa Moi, pamoja na Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, ambao uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2021. Kakamega ina Bukhungu, na Nakuru ina Afraha pamoja na uwanja wa Nakuru Athletic Club, unaojulikana sana na wapenzi wa raga. Uwanja ni mwalimu mkali kwa sababu wateja wake wote hufika kwa pamoja, huona njaa kwa pamoja na huondoka kwa pamoja, hivi kwamba kasoro ambayo dukani hujitokeza kidogo kidogo kwa mwaka mzima, pale huonekana wazi kwa muda wa saa mbili.

Hatua ya kwanza: nenda uwanjani ukatazame watu, usitazame mpira

Chagua mechi inayotarajiwa kuwa na watu wengi, lakini ambayo matokeo yake hayakuhusu sana, kwa kuwa mtu anayeishabikia timu yake hawezi kuangalia kitu kingine. Fika saa moja na nusu kabla ya mechi kuanza, ukiwa na daftari na saa. Simama mahali unapoliona geti bila kuwazuia watu, kisha uhesabu ni wangapi wanaopita kwa dakika tano. Andika mahali ambapo watu husimama na kuuliza, kwa maana kila mahali wanapouliza pana maelezo yanayokosekana. Andika pia mahali wanapogeuka na kurudi walikotoka. Zikibaki dakika chache kabla ya mapumziko, ondoka kwenye kiti chako uende unapoweza kuona vibanda vya chakula na vyoo kwa wakati mmoja. Filimbi ya mwisho ikilia, bakia ndani uone jinsi watu wanavyotoka, na ni nani anayewaelekeza.

Ukirudi kwenye biashara yako, fanya vivyo hivyo mlangoni pako kwa siku moja ya kawaida na siku moja ya msongamano. Mfanyabiashara wa karibu na soko la Kibuye, kwa mfano, hana budi kuitazama Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku ambayo soko hilo hujaa zaidi.

Hatua ya pili: chora njia ya mteja tangu barabarani

Chukua karatasi uchore njia yote: anaposhuka kwenye tuktuk au bodaboda, anapoliona jina lako, anapoingia, anapouliza, anapongoja, anapolipa, anapoketi, anapokwenda msalani, anapotoka. Wengi wetu huanza kuchora kaunta, na hilo ni kosa, kwa sababu mteja anapofika kaunta amekwisha kuamua mengi kuhusu sisi.

Maarifa haya ni ya kale sana. Koloseo, uwanja wa kale wa maonyesho jijini Roma uliokamilishwa yapata mwaka 80 baada ya Kristo, ulikuwa na malango 80, na 76 kati yake yalichongwa nambari juu ya tao, ili mtazamaji aliyekuja na nambari yake aende moja kwa moja kwenye lango linalomhusu na ngazi zinazomfikisha kwenye safu yake. Makumi ya maelfu ya watu waliweza kufika kwenye viti vyao bila kuhangaika. Linganisha jambo hilo na jengo la kawaida la ghorofa katikati ya miji yetu, ambamo kliniki iko ghorofa ya pili, maabara yake iko ya tatu, na mgonjwa mwenye homa huambiwa tu aende huko juu. Weka kibao pale njia inapogawanyika, maandishi yawe makubwa, na lugha iwe ile anayoisoma mteja wako kwa wepesi. Kisha mwombe mtu ambaye hajawahi kufika kwako atembee njia hiyo peke yake huku wewe ukimfuata kimya bila kumsaidia.

Hatua ya tatu: pima uwezo wa mlango na wa keshia

Hatua hii ni ya hesabu, na ndiyo ninayokusihi usiiruke. Uwanjani hesabu ya mlango ni suala la uhai. Mwezi Oktoba mwaka 2010, mashabiki walipoteza maisha katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, timu mbili ambazo mizizi yake iko huku kwetu magharibi, na ziko familia ambazo hazitaisahau siku hiyo. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unataka mwenye uwanja asipange kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa katika kila kilango kinachopitisha mtu mmoja mmoja, yaani watu 11 kwa dakika, hata kama anaamini vilango vyake vina kasi zaidi. Kwa kipimo hicho, uwanja wenye vilango kumi hupitisha watu 6,600 kwa saa. Ukiuza tiketi 10,000 na watu wote wakafika saa moja kabla ya mechi, watu 3,400 watakuwa wangali nje mpira unapoanza, na hakuna ukali wa askari utakaoibadilisha hesabu hiyo.

Sasa ilete hesabu hiyo hotelini. Tuseme watu 60 wanaingia kati ya saa saba na saa saba na nusu mchana, na keshia ni mmoja, anayetumia dakika mbili kwa kila mteja. Ifikapo saa saba na nusu atakuwa amewahudumia watu 15. Waliobaki ni 45, na wa mwisho kati yao angelipa saa tisa alasiri. Bila shaka hatangoja hadi saa hiyo. Ataondoka, na mwenye hoteli atasema kwamba biashara imekuwa ngumu.

Kabla ya kuajiri keshia wa pili, chunguza zile dakika mbili zinakwenda wapi. Mara nyingi utakuta mteja anaanza kuchagua chakula akiwa ameshafika kaunta, kwa sababu bei zimeandikwa mahali ambapo hazionekani kutoka kwenye foleni. Halafu anauliza nambari ya Till, anaiingiza kwenye simu, anaweka namba ya siri, na malipo yakishakamilika keshia hawezi kuyathibitisha, kwa kuwa simu inayopokea ujumbe iko mfukoni mwa mwenye hoteli aliyeko nyuma jikoni. Bandika bei ukutani mahali foleni inapoanzia. Andika nambari ya Till kwa tarakimu kubwa hatua tatu kabla ya kaunta. Simu ya kuthibitisha malipo ikae kwa keshia, wala isiondoke hapo. Ikiwa mabadiliko hayo yatapunguza dakika mbili hadi sekunde 45, keshia yuleyule atawahudumia watu 40 katika ile nusu saa, na wa mwisho kati ya 20 waliobaki atangoja dakika 15. Hizo bado ni nyingi, lakini sasa unajua kwa hakika kwamba keshia wa pili wa nusu saa tu ataimaliza foleni yote.

Hatua ya nne: tengeneza foleni yenye haki na yenye habari

Mtu huvumilia kungoja kuliko anavyovumilia kupitwa. Katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, watu wanaotaka tiketi za siku hiyo hupanga foleni nje, na kila mmoja hupewa kadi yenye tarehe na nambari inayoonyesha nafasi yake. Kadi hiyo haihamishwi kwa mtu mwingine, na mwenye kadi anaweza kwenda msalani akarudi bila ugomvi. Duka la dawa au kliniki yoyote inaweza kufanya hivyo kwa vipande vya karatasi ngumu vilivyoandikwa nambari, ambavyo hurudishwa na kutumiwa tena kesho yake. Huhitaji kuandika majina wala nambari za simu za watu, na ukiamua kuziandika, kumbuka kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uwaambie wateja ni za kazi gani.

Kama una makeshia wawili au watatu, panga foleni moja inayowalisha wote, badala ya foleni moja kwa kila keshia. Ikiwa foleni ni tatu, mtu aliyesimama nyuma ya mteja mwenye shida ndefu hukwama huku aliyekuja baada yake akihudumiwa, na machungu ya jambo hilo hudumu kuliko dakika zenyewe. Benki zetu zimelijua jambo hili kwa muda mrefu. Sioni sababu ya duka la jumla la Kondele au Section 58 kutolifuata.

Zaidi ya haki kuna habari. Katika soka, muda wa kawaida unapokaribia kwisha, refa wa nne huinua ubao unaoonyesha dakika za nyongeza, na uwanja mzima hujua kilichobaki. Tofauti yake tuliiona teknolojia ya video ya kumsaidia refa ilipoanza kutumika: watazamaji nyumbani walielezwa na watangazaji, lakini aliyelipa tiketi akaketi uwanjani alibaki akishangaa mchezo umesimama kwa nini. FIFA ilipoandaa Kombe la Dunia la Wanawake mwaka 2023 huko Australia na New Zealand, iliwataka marefa wauelezee uwanja kwa kipaza sauti uamuzi uliofikiwa na sababu yake. Basi nawe, samaki akichelewa jikoni, mhudumu asijifiche. Aende mezani mteja akiwa bado hajauliza, aseme kwamba samaki atachukua dakika ishirini na tano, na aeleze kinachoweza kuletwa upesi kama mteja ana haraka. Taja muda mrefu kidogo kuliko unaoutarajia, kwa maana chakula kikitangulia kuliko ahadi mteja hufurahi, na kikichelewa kuliko ahadi hata salamu za mhudumu hazipokelewi.

Hatua ya tano: tambua mapumziko yako ni lini

Mapumziko ya soka ni dakika 15. Ndani ya muda huo maelfu ya watu hutaka soda, chai, karanga na choo, kisha vibanda hubaki vitupu kwa dakika 45 zinazofuata. Anayeuza vizuri ni yule aliyekwisha kufungasha karanga, kujaza vikombe na kutenga sarafu za chenji kabla ya filimbi, na anayepoteza ni yule anayeanza kukaanga chipsi foleni ikiwa imeshafika. Kila biashara ina dakika 15 zake: saa saba mchana kwa hoteli, Jumamosi jioni kwa kinyozi, wiki ya kufungua shule kwa muuza sare na vitabu, mwisho wa mwezi kwa wakala wa M-Pesa. Andika zako kwa jina na kwa saa. Kisha ujiulize ni kazi gani, kati ya zile zinazofanywa mteja akiwa amesimama mbele yako, ambayo ingeweza kumalizwa saa moja kabla.

Raga ya wachezaji saba kila upande inafundisha somo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina thamani kubwa zaidi. Katika mashindano kama Prinsloo Sevens ya Nakuru au Dala Sevens ya Kisumu, mechi moja huwa na vipindi viwili vya dakika saba na mapumziko ya dakika mbili, na mechi hufuatana mchana kutwa. Shabiki hula wakati timu yake haichezi. Wakati mwenzake yuko kwenye nyama choma, yeye yuko jukwaani, na kwa hiyo muuzaji yuleyule, mwenye jiko lilelile, huwalisha wengi zaidi bila foleni ya kutisha. Hapo utaona kwamba msongamano si lazima uvumiliwe tu, unaweza kutawanywa. Mwenye hoteli anaweza kuzihimiza ofisi za jirani zitume oda kufikia saa nne asubuhi na kupangiwa saa ya kula. Muuza sare anaweza kupunguza bei kidogo wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa. Kinyozi anaweza kuwapa wateja wa kudumu saa zao siku ya Ijumaa.

Hatua ya sita: usimwadhibu mteja kwa kuwa hana pa kwenda

Akishaingia uwanjani, mtu hawezi kutoka kununua maji kwingine, na wauzaji wengi huitumia hali hiyo kupandisha bei. Nalipinga jambo hilo waziwazi, kwa sababu ni kuwanyonya watu waliokuja kutuunga mkono, na pia kwa sababu si hakika kwamba linaleta faida. Uwanja wa Mercedes-Benz wa Atlanta, Marekani, ulipofunguliwa mwaka 2017, bei za vyakula zilishushwa kwa takriban nusu zikilinganishwa na zile za uwanja uliotangulia. Mkate wenye soseji uliuzwa dola 2, na kikombe cha soda, ambacho mnunuzi aliruhusiwa kukijaza tena, kilikuwa dola 2 vilevile. Katika msimu wa kwanza wastani wa fedha alizotumia kila shabiki kwa chakula ulipanda kwa asilimia 16. Bei nyingi zilikuwa dola kamili, kodi ikiwa imo ndani, hivyo hapakuwa na haja ya kutafuta sarafu, na soda alijijazia mnunuzi mwenyewe, muuzaji akabaki na kazi ya kuuza.

Siwezi kukuambia upunguze bei kwa nusu. Gharama zako unazijua wewe. Lakini jambo la chenji linakuhusu leo hii. Bei ya shilingi 95 inapomfanya keshia atafute shilingi tano kwa dakika nzima, au ampe mteja peremende ambayo hakuiomba, imekula muda wa kila mtu aliye nyuma. Weka bei zinazolipika kwa noti na sarafu ambazo watu wanazo mfukoni. Vilevile, panapowezekana, chagua kitu kimoja kidogo ambacho watu hukikumbuka, na usiiguse bei yake ovyo: huko Wimbledon, sahani ya stroberi iliuzwa pauni 2.50 tangu mwaka 2010 hadi 2024, na watu waliipenda kwa kutobadilika kwake kama walivyoipenda kwa utamu wake.

Hatua ya saba: choo, kivuli, na mtu asiyeweza kupanda ngazi

Wapenzi wa Safari Rally wanaokesha Naivasha, Kedong au Soysambu wanajua kwamba choo, kivuli na maji ndivyo vinavyoamua mtu atakaa kwa muda gani. Choo kiwe na maji, sabuni, taa na kitasa kinachofunga, na mtu mmoja awe na wajibu wa kukikagua kila saa, jina lake likiwa limeandikwa ukutani. Pale vyoo vya wanawake na vya wanaume vinapolingana kwa idadi, foleni ya wanawake ndiyo huwa ndefu. Ongeza upande wao.

Jukwaa kuu la uwanja kwa kawaida hujengwa upande wa magharibi, ili jua la alasiri liwapige watazamaji mgongoni wala si machoni. Keti basi kwenye kila kiti cha mteja wako saa tisa alasiri, katika joto la Kisumu, uone ni kipi kisichokalika, kisha uhamishe meza au utundike pazia.

Kuhusu watu wenye ulemavu, Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mteremko wa saruji mlangoni na meza moja yenye nafasi ya kiti cha magurudumu ni gharama ya mara moja, na huwafaa pia mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye mkongojo.

Hatua ya nane: mpe mhudumu majibu na mamlaka

Uwanjani, mtu aliyevaa koti la rangi ya kung'aa huulizwa kila kitu. Kama hajui jibu, koti hilo halina faida. Kusanya maswali ambayo wateja wako huuliza zaidi, uandike majibu yake, na uhakikishe kwamba hata mlinzi wa mlangoni anayajua, kwa sababu yeye ndiye huulizwa kwanza. Halafu amua kiwango cha fedha ambacho mhudumu anaweza kukitumia kurekebisha kosa bila kumtafuta bosi: kubadilisha chai iliyopoa, kutotoza soda iliyoletwa kimakosa, kumrudishia mteja nauli ya bodaboda kwa bidhaa mbovu aliyolazimika kuileta mara ya pili. Mhudumu anayelazimika kuomba ruhusa kwa kila jambo dogo humfanya mteja aeleze malalamiko yake mara tatu, na kila anapoyarudia hasira yake huongezeka.

Hatua ya tisa: shughulikia kutoka kama ulivyoshughulikia kuingia

Viwanja vinavyosimamiwa vizuri hufungua milango ya kutokea kabla filimbi ya mwisho haijalia, na huwaweka wasimamizi njiani hadi umati wote utakapokwisha. Katika hoteli zetu nyingi mambo huwa kinyume: mteja aliyepokewa kwa bashasha hungoja bili kwa robo saa, kwa kuwa akishakula hakuna anayemwangalia tena. Andaa bili mara tu sahani zinapoondolewa, iwe tayari kwa keshia, na mhudumu apite karibu na meza kila baada ya dakika chache bila kuitwa. Dukani, mzigo mzito ubebwe hadi kwenye tuktuk. Ukifunga baada ya giza kuingia, taa ya nje iendelee kuwaka hadi mteja wa mwisho apate usafiri, na mlinzi awajue waendesha bodaboda wawili au watatu wa steji ya karibu anaoweza kuwaita kwa majina. Baada ya mwezi mmoja, rudi mlangoni kwako na daftari lilelile, siku ileile ya wiki na saa ileile, uhesabu upya watu wanaoingia, wanaogeuka na wanaoondoka mikono mitupu, kisha uanze na hatua ambayo namba zake hazijasogea.